Shahada ya Kufungia Vitumbua

Marahaba, wanangu. Nimeitikia kabla hamjaniamkia kwa sababu nawajua. Mkinikuta hapa kibarazani Magomeni mtasema shikamoo, mtainama kidogo, mtaniuliza hali, halafu mtapita zenu. Leo msipite. Kaeni. Chai ipo, nyepesi kidogo, na mtakuja kujua kwa nini naitaja.

Mmeniomba niwaeleze habari za kusomea uzamili wa uongozi wa huduma za afya, nyinyi mnaoshinda kazini na jioni mkaenda darasani. Nadhani mlitaka mbinu za mtihani. Mbinu ninazo mbili tatu. Lakini mwenzenu nilisoma nikiwa mtu mzima, mjane, na cheo changu kazini, na kilichokaribia kuniangusha ni heshima. Kiingereza cha vitabuni nilikimudu, takwimu nilizililia lakini nikazimudu. Heshima ndiyo ilinishinda. Niliheshimiwa mpaka nikabaki peke yangu.

Nilikuwa katibu wa afya wa kituo kimoja pale mjini, karibu na soko. Kwa asiyejua, katibu wa afya ndiye mwenye nyumba. Daktari anatibu, muuguzi anahudumia, yeye anahakikisha maji yapo, zamu zipo, gari lina mafuta, taa ya chumba cha kujifungulia inawaka na mlinzi hajalala. Mambo yakienda vizuri hakuna anayekumbuka kama yupo. Yakiharibika, kila mtu analijua jina lake.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Mapunda, Mngoni wa Songea. Huyo akiingia kituoni hapiti ofisini. Anaanzia chooni. Akitoka huko anakwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, kofia usoni, kimya. Mimi nilidhani anawavizia watumishi wanaochelewa. Siku nilipomuuliza akasema, "Mama Salma, habari zote za kituo ziko kwenye benchi. Ukiona mgonjwa amekuja na mto wake, ujue huduma yako ni ya kulala." Mpaka leo nikiingia hospitali yoyote naangalia kama kuna watu wenye mito.

Benchi letu lilikuwa na vituko vyake. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kariakoo, na mfanyabiashara hawezi kukaa kusubiri daktari huku wenzake wanafungua meza. Basi wanakuja alfajiri, kila mtu anaweka kitu chake kwenye foleni, anakwenda sokoni. Ukifika asubuhi unakuta benchi limejaa: ndala ya mguu mmoja, kifuniko cha sufuria, mwiko, chupa ya maji, kipande cha kanga kimefungwa fundo. Hakuna mtu hata mmoja. Na wenyewe wakirudi hawagombani, kila mmoja anajua ndala inafuata mwiko, na mwiko unafuata kifuniko. Kuna muuguzi mgeni alihamia kwetu kutoka mkoani. Siku yake ya kwanza akaona ule uchafu, akashika fagio, akaifagia foleni nzima akaitia kwenye ndoo. Siku hiyo tulitafuta suluhu mpaka adhuhuri. Yule binti alilia, akataka kurudi kwao. Baada ya hapo nikaleta namba za karatasi, lakini ndala hazikuacha kuja.

Foleni ile ndiyo niliyoichagua niiandikie tasnifu yangu. Nilitaka kujua watu wa sokoni wanasubirije, na kituo kiwapangeje. Wazo zuri, si ndiyo? Subirini.

Kwanza nimtaje mume wangu, maana bila yeye hamtaelewa kitu. Baba Salma alikuwa fundi mizani Mtaa wa Mahiwa. Mizani za nyama, za dagaa, za mchele, zote zilipita mikononi mwake. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Nyinyi siku hizi utani mnaoujua ni wa mpira tu, kwa hiyo niwaambie: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za mababu, wao wakija pwani na mizigo kichwani na sisi tukiwapokea. Mtani anaweza kukutukana mchana kweupe na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchekesha watu waliokata tamaa. Analizuia jeneza mlangoni, anadai ujira wake kwanza. Anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu. Watu wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Maiti akizikwa hivyo, wazee walisema, amezikwa na watu.

Sasa fikirieni ndoa ya watani. Kila asubuhi nikimpa chai anaitazama, anaitikisa, anasema, "Mzaramo, hii chai ama maji uliyooshea vikombe?" Mimi namwambia kanywe kwenu Tabora, mnakochemshia michembe ya viazi vikavu. Nikienda semina nikarudi na cheti, anakishika, anakipapasa kama anavyopapasa mizani. "Karatasi ngumu hii. Nzuri ya kufungia vitumbua." Na mimi jibu langu lilikuwa moja miaka yote: "Vitumbua vyenyewe nanunua mimi." Hapo tunacheka, anakwenda zake kwa mafundi wenzake kuwaonyesha kile kile cheti. Walinisimulia wenyewe.

Nilipomwambia nataka kusoma uzamili alisema, "Wa nini? Wa kucheza mdundiko, ngoma yenu?" Kesho yake akaninunulia meza, akaifunga miguu kwa waya za mizani ili isiyumbe nikiandika. Sikuwahi kuwa na meza yangu mwenyewe kabla ya hiyo.

Muhula wa kwanza haukwisha. Alikwenda kazini akiwa mzima, akaletwa amelala. Presha.

Mazishi sitayaeleza sana. Nilikuwa ndani na wanawake, mgongo ukutani, na masikio yangu yalikuwa uani. Nilikuwa nawasubiri ndugu zangu. Wazaramo walijaa pale, watani wa marehemu kabisa, na kaka yangu Shomari kwa kuchekesha msibani alikuwa hana mpinzani Kisarawe nzima. Nikajua saa yoyote atalizuia jeneza, atalivaa lile koti la khaki lenye mafuta ya mizani, atapapasa vitu vya watu na kusema havina uzito. Nilikuwa nalihitaji hilo, wanangu. Nilikuwa nalisubiri kama mgonjwa anavyosubiri sindano ya maumivu. Badala yake nikasikia mtu wa ofisini anasoma salamu za rambirambi. Halafu dua. Halafu miguu ya watu ikitoka taratibu.

Baadaye nilimuuliza Shomari. Siku ya msiba alikuja amevaa suti. Akasema, "Dada, wakubwa wako wote walikuwepo. Mganga mkuu yupo pale mbele. Ningevaaje koti la shemeji nianze kucheza? Ungeaibika. Tulikuheshimu."

 Lakini liliniingia na halikutoka. Mtu aliyetania maisha yake yote alizikwa kimya kama mgeni, kwa sababu mkewe alikuwa na cheo.

Nikakaa eda. Masomo nikayaahirisha, na kwa taratibu za chuo ukiahirisha mara moja huna tena nafasi ya kuahirisha. Niliporudi, wenzangu niliofungua nao walikuwa wamesonga mbele, mimi nikatiwa kwenye kundi jipya. Watoto watupu. Wazuri, wenye adabu zao. Naingia mlangoni: "Shikamoo mama." "Marahaba." Nakaa, kiti cha kulia kinabaki kitupu na cha kushoto kinabaki kitupu, wananiachia nafasi. Wakiwa wanacheka, mimi nikisogea wanaacha. Kazi za kikundi ndiyo usiseme. Nikiuliza tunakutana lini, naambiwa, "Mama, wewe pumzika, tutaandika jina lako." Na wanaandika kweli, tena juu kabisa. Nilipata alama nzuri za kazi nisizoziona hata kurasa zake.

Kwenye grupu la simu nilikuwa nikiuliza swali la darasani, wananijibu kwa vile vikono vya kuomba dua. Niliuliza sura ya tatu inaishia wapi. Nikapata vikono kumi na kitu na "Amina mama."

Kazini nako, tangu waliposikia nasoma, waliacha kuniita Mama Salma. Nikawa "Bosi Msomi". Chumba cha chai nikiingia watu wanakumbuka wana kazi. Salma mwenyewe yuko Mwanza kwa mumewe, anapiga simu Jumapili, anasema, "Mama, si upumzike tu? Unajitesa." Kila mtu alitaka nipumzike. Hakuna aliyeniuliza nasoma nini.

Jioni nikitoka kazini navuka Mnazi Mmoja kwa miguu kwenda darasani, nanunua karanga, nakaa kwenye kibanda cha zege nazila peke yangu. Watu wanapita kwa mamia, kila mmoja ana anakokwenda. Darasa likiisha narudi chumbani Mahiwa, nawasha jiko, nabandika chai ya watu wawili. Mkono ulikuwa umezoea kipimo hicho na ulikataa kujifunza kingine. Naimimina, naionja mwenyewe, nzito, nyepesi, hakuna wa kunisema. Nilikuwa mpweke. Sina neno zuri zaidi ya hilo la kuwapa. Kuna siku nilikaa kwenye ile meza iliyofungwa waya nikasema kwa sauti, "Basi, naacha." Na kwa kuwa hakuna aliyenibishia, sikujua kama nimeacha au vipi. Kesho yake nikaenda tu.

Maganga alihamia darasani kwetu muhula uliofuata. Alikuwa afisa afya kule Temeke, mwembamba, mrefu, suruali zote fupi. Mwalimu alitutaka kila mmoja ajitambulishe na asili yake, na mimi nikasema, Mama Salma, katibu wa afya, Mzaramo wa Kisarawe. Nikasikia sauti nyuma.

"Mzaramo? Na hapa kuna Mzaramo? Nani kamruhusu? Mbona leo hajaenda ngomani?"

 Binti mmoja akanong'ona, "Jamani, mama wa watu huyu." Mimi niligeuka, nikamtazama yule kijana toka viatu mpaka kichwa.

"Wewe wa Tabora?"

"Sikonge kabisa."

"Na mzigo umeutua wapi, mpagazi? Au umekuja kuwabebea wenzio vitabu?"

"Vya kwako vizito, Mzaramo. Umevijaza ubwabwa."

Nilicheka mpaka nikatoa kitambaa. Wale watoto hawakujua nacheka au nalia, na kusema kweli hata mimi sikujua. Maganga akachukua begi lake akaja kukaa kwenye kile kiti cha kulia ambacho hakuna aliyekuwa akikikalia. Akaniambia polepole, "Shikamoo mama." Nikamwitikia. Adabu aliijua, ila hakuishia kwenye adabu tu.

Toka siku hiyo nilipata mtu wa kubishana naye. Tukivuka Mnazi Mmoja ananiambia Wazaramo tumeuza mji wote tukabaki na vibaraza. Namwambia Kariakoo yenyewe imeitwa kwa jina la wapagazi, ndiyo maana yeye akifika pale anajisikia yuko kwao. Siku moja nilimsimulia habari za Baba Salma, chai yake na vitumbua vyake. Nilimsimulia na mazishi. Alisikiliza, hakutania. Mtani mwema anajua wapi pa kunyamaza.

Sasa turudi kwenye tasnifu. Msimamizi wangu alikuwa Dokta Edna, msichana hodari, mdogo kwa Salma wangu. Nampelekea sura, ananiamkia, anaisoma, anasema, "Nzuri sana mama, endelea hivyo hivyo." Nikampelekea nyingine. "Nzuri mama." Mimi nikaamini. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia maji kwa ndoo. Muda wangu wa chuo ulikuwa unakwisha. Nafasi ya kuahirisha nilishaila. Kazi ilikuwa iende kwa mtahini wa nje, ambaye hanijui wala haniamkii, na akiikataa ndiyo basi, natoka mikono mitupu.

Nikampa Maganga aipitie kabla haijaenda. Nilitaka anisahihishie alama za nukta tu. Alikuja nayo kwenye mgahawa wa karibu na chuo, akaiweka mezani.

"Mtani, hii ni tasnifu au risala ya mgeni rasmi?"

Nikamwambia asinitanie.

"Sitanii. Sikiliza." Akaifungua, akasimama, akaanza kusoma kwa ile sauti ya kwenye maturubai. "Kituo kinajivunia mafanikio makubwa katika kuboresha mazingira ya wateja. Pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto chache..." Akaketi. "Nimetafuta mgonjwa kurasa zote. Hayupo. Yupo mgeni rasmi, amekaa mbele, anasubiri soda."

Watu wa meza za jirani walikuwa wanacheka.  Mtani hakasirikiwi, hilo nalijua, lakini nilikasirika. Nilichukua karatasi zangu nikaondoka, na kwa siku kadhaa nilikaa mbali na kile kiti. Nilipoteza mtu pekee niliyekuwa naye, tena kwa kutaka kwangu mwenyewe.

Lakini nilipokaa na zile karatasi nikaona anachosema. Maisha yangu yote ya ukatibu niliandika risala. Akija waziri, risala. Akija mfadhili, risala. Mkono wangu ulikuwa haujui tena kuandika jambo ambalo halimfurahishi aliyekaa mbele. Wanangu, shikeni hili, mtalihitaji kuliko takwimu: miaka kumi ya kuandika ripoti za kazini inaweza kukuharibia macho. Unaanza kuona kile unachoweza kukiandika tu.

Nikampigia Maganga simu. Sikuomba radhi, utani hauna radhi. Nikamwambia, "Mpagazi, njoo kuna mzigo." Akasema, "Nilijua utachoka kubeba."

Nilikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, kama Mzee Mapunda. Haikufaa. Nilisahau kuwa Mzee Mapunda alijifunika kofia, na mimi kila mtu ananijua. Nikikaa wanasimama. "Pita mbele mama katibu." "Mama, huduma nzuri tunashukuru." Nikiuliza kama wana malalamiko wanasema hawana, huku wanatazama ndala zao kule mwisho wa foleni. Nilikuwa mgeni rasmi kwenye benchi langu mwenyewe.

Maganga akaja, akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya soko. "We Mzaramo, sogea. Umechukua nafasi ya watu wawili. Au na hapa mnasubiri ngoma?"

Benchi zima likashtuka. Nikamjibu asimame tu, wapagazi hawachoki. Mama mmoja muuza dagaa akaguna, akasema, "Kumbe mama katibu anataniwa?" Kaka mmoja akadakia kuwa yeye ni Mzigua, na yeye ana lake na Mnyamwezi. Dakika kidogo watu wanacheka, wanasogeleana, na yule muuza dagaa akanigusa goti.

"Basi mama, na mimi nikutanie. Zile namba zako za kwenye karatasi ulizotuletea. Sisi tunapewa namba, halafu mtu anapita na salamu za nesi, anaingia. Ndala yangu haijawahi kupitwa. Namba yako inapitwa kila siku."

Mwingine akasema choo cha wanawake kinafungwa saa za chai na ufunguo unakwenda na mtu. Mwingine akasema alishawahi kumwacha mtoto wake na homa benchini akakimbia kufungua meza, kwa sababu hakuna anayewaambia daktari ataanza saa ngapi. Walisema mpaka nikaishiwa kalamu. Haya yote yalikuwa hapo miaka yote, hatua chache kutoka mlango wa ofisi yangu. Walikuwa wananiheshimu tu.

Niliandika upya. Dokta Edna aliposoma akasema, "Mama, kumbe na mimi nilikuwa naona. Niliogopa." Nikamwambia, mwanangu, mimi ndiye ningekuwa na hasara. Akachukua kalamu nyekundu, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza alinisahihisha. Ilikuwa nyekundu kama machinjioni, na mimi nilitoka pale moyo mweupe.

Mtahini wa nje aliniuliza swali moja lililonibana. Akasema, "Umeandika kituo hiki kina kasoro hizi, na hizi, na hizi. Katibu wake ni nani?" Nikasema, "Ni mimi." Akanitazama juu ya miwani. "Na umejuaje yote haya kuhusu kituo chako?" Nikamwambia, kuna mtu alinitukana. Akacheka, akaandika kitu. Nilipita, na marekebisho kidogo.

Siku ya mahafali Salma hakuweza kuja, mtoto alikuwa mgonjwa. Shomari alipiga simu kunipongeza kwa maneno makubwa makubwa. Wenzangu darasani walipiga picha na familia zao, na wakanijia mmoja mmoja, "Hongera mama," wakarudi kwa watu wao. Nilisimama na joho langu pembeni ya ukuta. Maganga akaja amevaa joho linalomfika magotini.

"Twende wapi, Mzaramo?"

Nikamwambia Kisutu, makaburini.  Akachukua kikapu changu, akasema kubeba ndiyo kazi ya babu zake.

Wapo watakaoninung'unikia kuwa mwanamke hana kazi makaburini. Nimewasikia, na Mungu anaijua nia yangu. Nilisimama pale kwenye kichwa cha kaburi, Maganga akabaki nyuma kidogo. Nikasoma Fatiha. Halafu nikataka kusema lile lililonipeleka, na mdomo ukawa mzito. Nilikuwa nimeishi na heshima muda mrefu, nilisahau pa kuanzia. Nikavua kiatu, nikakaa chini kwenye mchanga.

"We mpagazi," nikasema. "Umelala mchana wote huu na mizani za watu zinakusubiri. Walikuzika na risala. Walikuogopa kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa ndani, sikutoka kukutukana. Leo nimekuja. Huna hata aibu, umeniacha na meza ya waya na chai ya watu wawili. Haya, nimemaliza. Shahada hii hapa. Sema sasa."

Nikaiinua. Kimya. Magari yanapita nje ya ukuta, kunguru wanalia juu ya mti, na mimi nimeshika karatasi mbele ya udongo. Wanangu, sijawahi kuwa peke yangu kama dakika ile. Hata siku ya msiba sikuwa hivyo.

Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu anakohoa, kikohozi cha mzee. Maganga alisogea, akachutama upande wa pili wa kaburi, upande wa Wanyamwezi. Akanyoosha mkono akaichukua ile shahada, akaipapasa kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayekagua mizani. Nilikuwa nimemsimulia mara moja tu.

"Karatasi ngumu hii, Mzaramo," akasema. "Nzuri ya kufungia vitumbua."

Nililia kwa sauti, wanangu, nililia kilio nilichokuwa nadaiwa toka siku ya mazishi. Na nilipopata pumzi nikamjibu mume wangu, kama nilivyomjibu siku zote.

"Vitumbua vyenyewe nanunua mimi."